Kutu ya Behewa, Uso wa Mama

Jumanne, 6 Mei

Behewa limekataliwa. Tena!

Wiki nzima nimelichora lile behewa la treni, la filamu yetu ya katuni, ambamo watoto wawili wanajificha mvua. Behewa lenyewe limeachwa porini miaka na miaka. Nimelipaka kutu kwa brashi ya kompyuta, doa moja moja, mpaka kiganja kikafa ganzi. Leo mkuu wa studio akavuta kiti, akatazama, akamaliza kikombe chake chote cha chai bila neno. Halafu: "Bado."

Ofisini tunamwita Bwana Bado. Anajua, wala hajali.

Anasema behewa langu limetoka dukani jana, linanuka rangi. Nitoke nje na kamera, nipige picha za kutu ya kweli — mabati, kuta, milango — kisha nizilaze juu ya mchoro. "Mvua na jua vimeshaifanya hiyo kazi bure. Wewe unajichosha nini?"

Nilinuna njia nzima. Nilipofika nyumbani hasira ilikwisha, maana ni kweli.

Chumba changu cha kazi sasa ndicho chumba cha Mama. Mama mkwe. Yuko nasi tangu mwezi wa tatu, anasubiri kupasuliwa macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi nachora mezani, yeye kaketi kitandani nyuma yangu na redio yake. Anasema ananiona kama moshi unaoongea.

"Moshi mzuri lakini," akaongeza.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempeleka Mama kliniki ya macho kupimwa. Foleni! Nikamketisha benchi la ndani, nikatoka na kamera. Nyuma ya jengo kuna tangi la maji la chuma, limeoza vizuri sana. Kutu ya kila aina: nyekundu, kahawia, nyeusi, na ile ya machungwa inayotiririka chini ya kila bolti kama machozi. Kulikuwa na mawingu, hakuna vivuli. Mwanga ulitulia. Nilipiga mpaka nikapiga magoti kwenye matope.

Mlinzi akaja. Dada, unapiga picha ya nini? Kutu. Ya nini? Ya kutu, kaka. Akamwita mwenzake aje asikie mwenyewe. Wakakubaliana kwamba nimeruhusiwa, ila niangaliwe.

Niliporudi ndani — Mama anacheka! Si kile kicheko chake cha adabu cha kufunika mdomo. Kicheko cha kurudisha kichwa nyuma. Miaka saba nimeolewa nyumba ile, sijawahi kukisikia.

Pembeni yake kaketi mzee mmoja, kofia magotini. Kumbe alikuwa amemgeukia Mama akidhani ni dada yake. Dada, wamefika namba ngapi? Mama akamjibu: mimi si dada yako, dada yako yuko nje anagombana na muuza maji, humsikii? Basi wakaanzia hapo. Yeye naye macho yake ni ukungu mtupu. Alikuwa fundi saa, akaacha pale aliporudisha saa ya mteja ikiwa na mishale miwili ya dakika.

Wamepangiwa siku moja ya upasuaji. Ijumaa ya wiki ijayo. Mzee akasema, "Basi tutaonana, jirani." Mama akasema, "Hapo ndipo tutakapoonana kweli."

Nikatazama pembeni. Mimi ni mkwe, kuna mengine siyasikii.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeilaza picha ya tangi juu ya behewa. Kuna hatua moja kwenye programu inafanya sehemu nyeupe za picha zitoweke na zile za giza zibaki, hivyo kutu inazama kwenye rangi yangu kama ilizaliwa nayo. Raha! Nikapiga kelele. Mama akazima redio.

Kuna nini?

"Hakuna kitu, Mama. Ninazeesha behewa."

"Kwani siku hizi kuzeeka kunahitaji msaidizi?"

Mume wangu — mtaani wanamwita Waya kwa sababu ni fundi umeme, na mimi nimezoea — akaja kuchungulia. Akainamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto.

"Lina upele," akasema.

Nikamfukuza na taulo. Lakini nimelitazama tena. Lina upele.

Jumatatu, 12 Mei

Bado.

Kutu nimeimwaga kila mahali kama chumvi kwenye mboga ya mpishi mwenye mawazo. Halafu aliona — huyu mtu ana macho ya mwewe — doa moja lenye umbo la sikio nimelitumia mara tatu. Mlangoni, chini ya dirisha, na kwenye paa. Masikio matatu! Hata mtoto ataona, anasema. Kisha akanipigapiga begani. Rangi imekaa vizuri, akasema, kutu ni nzuri. Ila halijatumiwa na mtu. Hamna mtu aliyewahi kupanda hilo behewa.

Anataka Jumatano wiki ijayo. Ikishindikana atampa mchoraji mwingine. Alilisema kwa upole, na ndio ulioniumiza zaidi.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata! Na nimeipatia nyumbani kwangu mwenyewe, kwenye korido.

Asubuhi Waya kashika kitambaa na sabuni, anataka kufuta ukuta. Kuna mstari mweusi-mweusi unaoanzia mlango wa chumba cha Mama, unapita koridoni, unakata kona, unaishia chooni. Umefika kiunoni mwangu. Mwanzoni sikuelewa. Halafu Mama akatoka, akaweka kiganja ukutani palepale kwenye ule mstari, akaenda zake taratibu, kiganja kikiteleza. Pale kwenye kona vidole vilipanda juu kidogo kuikwepa fremu ya mlango. Na mstari nao umepanda juu kidogo.

Nikamnyang'anya Waya kitambaa.

Miezi miwili ya mkono wa Mama. Kwenye kona ndipo peusi zaidi, maana hapo hushika na kupumzika. Karibu na chooni mstari unafifia, kwa sababu akifika hapo ana haraka.

Nimeupiga picha wote, kipande kwa kipande, dirisha likiwa wazi na taa zimezimwa. Waya anauliza kama niko sawa. Nikamwambia ukuta huu asiuguse mtu.

Mchana kutwa nimeirudia kazi. Safari hii nimefunika kutu yote, halafu nikaifunua kidogo kidogo kwa brashi, mahali penye sababu tu. Chini ya bolti, kwa kuwa maji hutiririka. Ukingo wa ngazi, kwa kuwa miguu hukanyaga. Juu ya paa rangi imepauka kwa jua, chini ya dirisha bado ina nguvu. Na ndani ya behewa, ukutani, kimo cha mkono — nimelaza mstari wa Mama.

Sijui kama ni vizuri. Macho yamechoka. Yangu, siyo ya Mama!

Ijumaa, 16 Mei

Amepasuliwa. Jicho la kulia. Dakika chache tu, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulia siku nzima.

Mzee wa benchi alitangulia. Aliketi palepale, jicho limefungwa bandeji, akakataa kuondoka mpaka Mama atoke. Dada yake anamvuta mkono, yeye anamwambia ngoja nipumzike. Kupumzika gani! Mama alipotoka ameshikwa na nesi, mzee akasikia sauti yake akasimama wima.

Akaomba namba ya simu. Watu wawili, simu mbili, na hakuna jicho hata moja la kusoma tarakimu. Basi ni mimi niliyeandika. Mimi, mke wa mwanawe, kwa mikono yangu hii. Simu ya mzee nimeandika "Jirani". Simu ya Mama nimeandika "Fundi Saa".

Ndani ya teksi Mama akasema, "Usimwambie mwanangu."

"Nimwambie nini, Mama? Sijaona kitu."

"Wewe nawe umekuwa kipofu?" Akanifinya.

Jumamosi, 17 Mei

Bandeji imetolewa.

Kwanza alinitazama mimi. Muda mrefu. Nikaona haya kama bibi harusi.

"Kumbe una mwanya!"

Miaka saba! Akanishika shavu. Akasema sauti yangu alikuwa ameivika uso mwingine kabisa, wa mtu mnene. Kisha Waya akaingia na mkate mkononi, Mama akaruka: una mvi! Mwanangu ana mvi! Nani kampa mvi huyu? Akanigeukia mimi. Waya alicheka hadi akaukalia mkate.

Akazunguka nyumba nzima akitaja rangi za vitu kama mtoto. Ndoo ya bluu. Pazia lina maua, kumbe! Halafu korido.

"Nani kachafua ukuta hivi?"

Waya akajifanya anakohoa.

"Nyumba ya watu wazima, ukuta mchafu kama wa gereji! Mwanangu, huoni haya?" Akaomba sabuni. Amesugua mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, huku sisi tumeshika ndoo. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Baadaye akaingia bafuni kuosha mikono. Maji yakawa yanatiririka tu. Nikagonga, kimya. Nikasukuma mlango.

Kasimama mbele ya kioo. Mikono iko chini ya maji na haigusi sabuni.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Kafika lini hapa?"

Nilifunga bomba. Mara ya mwisho kujiona vizuri ilikuwa miaka minane, tisa iliyopita, marehemu mumewe akiwa bado hai. Nikamfuta mikono kidole kimoja kimoja.

Jumatatu, 19 Mei

Mama hatoki chumbani. Kajifunika mtandio mpaka puani. Waya anadhani jicho linauma, kampigia daktari, daktari anasema jicho liko salama, aendelee na matone, na Alhamisi aje kukaguliwa bila kukosa. Ndipo watapanga la pili.

Fundi Saa kapiga simu. Mama kaitazama ikiita mpaka ikakata.

Baada ya chakula akaniita. Mlango funga. Akanipa simu nimsikilizishe ujumbe wa sauti, ingawa najua fika alishausikia. Mzee anasema jicho lake limefunguka, anaona mpaka sisimizi. Anasema ameona watu wengi tangu Jumamosi, amebakiza mmoja. Kama si tabu, apate picha. Halafu kama aliyesahau kuzima: "Ng'ombe hazeeki maini, jirani."

Mama akatazama dirisha.

"Wewe kazi yako ni picha."

"Ndiyo, Mama."

"Hicho chuma chako unakizeesha mpaka kinaoza."

"Ndiyo, Mama."

"Basi na mimi nirudishe nyuma."

Nilitaka kucheka. Nilipouona uso wake sikucheka.

Jumanne, 20 Mei

Nimempiga picha karibu na dirisha. Kuna mawingu, mwanga ule ule ninaoupenda kwa kutu. Kavaa gauni la zambarau. Kakaa wima.

Kazi yangu ni kuongeza. Leo nilifuta. Mama kavuta kiti pembeni yangu, anaelekeza kwa kidole. Hapa. Na hapa. Hii ya katikati ya nyusi — mikunjo miwili imesimama kama namba kumi na moja. Hiyo ni ya kukaza macho miaka yote hii akitafuta tundu la sindano. Nikaifuta. Hizi alama za pembeni mwa mdomo, hizi ni za kucheka, nikamwambia tuziache. Futa. Nikafuta. Za shingoni? Futa.

Nilitumaini atasema basi. Nilitumaini atatazama na kusema huyu ni nani. Ndivyo ingekuwa kwenye filamu zetu za katuni.

Akapiga makofi!

"Huyu! Huyu ndiye mimi! Mtumie huyu."

Uso laini kama yai lililomenywa. Nikamwambia, Mama, Alhamisi mtakutana kliniki, ana miadi siku hiyo hiyo, atakuona. Akasema Alhamisi ni Alhamisi, leo ni leo. Nikamwambia na ile nyingine ni nzuri, ile ya kwanza, tena mimi naipenda zaidi. Akanishika mkono. Si kwa hasira.

"Mwanangu. Wewe unaipenda kwa sababu unanipenda mimi. Yule bado hajanipenda."

Nimetuma. Kidole changu ndicho kilichobonyeza.

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi, studio. Bwana Bado kavuta kiti. Chai. Kimya. Kasogeza picha taratibu, kutoka ngazini, mlangoni, hadi ndani. Kwenye ule mstari wa ukutani akasimama. Akaegemea skrini. Akaweka kikombe chini kabla hakijaisha.

"Nani alikuwa anapita hapa?"

Nikamwambia, mama mkwe wangu akienda chooni.

Alicheka mpaka wenzangu wakageuka. Kisha akasema, "Peleka." Peleka! Hakusema bado! Nikatoka nje nikamkumbatia muuza magazeti, simjui hanijui.

Nikarudi nyumbani mbio nimwambie Mama. Nikamkuta kaketi kitandani, simu imelala kifudifudi magotini.

Fundi Saa kajibu. Akanisikilizisha. Sauti ya mzee imejaa adabu: "Jirani, picha nimeipata, nashukuru sana. Bila shaka huyu ni binti yako. Mzuri, hongera. Sasa nitumie na ya kwako."

Mungu wangu.

Nikauma mdomo. Mama hakucheka, wala hakulia. Alisema tu, "Kesho siendi."

Waya kaja jioni, kapiga magoti mbele yake. Mama, ukikosa kukaguliwa jicho linaweza kuharibika, daktari kasema. Mama: limeshaona ya kutosha. Waya ananitazama mimi, kuna nini? Nimeahidi kufunga mdomo. Nikainuka kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Baada ya chai nikawasha kompyuta, kwa kukosa la kufanya. Mama akaja mwenyewe, akasimama nyuma yangu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuliona behewa. Kila siku alikuwa akilisikia tu. Akasogeza uso, jicho lile zima, akapita kila mahali. Akakiweka kidole kwenye ukuta wa behewa.

"Hapa pamechafuka."

"Ni mkono wako, Mama. Ule ukuta wa korido. Niliupiga picha kabla hujausugua."

Akakiondoa kidole, akakitazama.

"Na wakaukubali hivi hivi na uchafu wake?"

"Ndipo walipokubalia."

"Watu wana mambo," akasema, akaenda kulala.

Alhamisi, 22 Mei — kliniki

Naandika nikiwa benchini, daftari gotini, uniwie radhi kwa mwandiko.

Amekuja! Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshavaa. Gauni la zambarau, mtandio, na miwani myeusi ya Waya ya kuchomelea — hapana, ya jua, lakini ni mikubwa kama ya kuchomelea. Sikuuliza. Waya anatufuata, alikuwa na kazi ya kumalizia, kapiga simu yuko njiani.

Mzee yuko hapa. Kaketi benchi la mbele yetu, kageuka upande, kofia magotini, safari hii kanyoa ndevu. Hana tena ukungu. Anatazama kila mwanamke anayeingia. Yule mwenye mkongojo, kamtazama. Yule mwenye mtoto mgongoni. Alitutazama na sisi — Mama akakaza mtandio — macho yake yakapita juu yetu yakaenda mlangoni. Hamjui. Atamjuaje? Hajawahi kumwona. Anaijua sauti tu.

Na Mama anajua kwamba anaijua sauti. Tangu tuingie hajafungua mdomo. Mapokezini nimeongea mimi. Muuza maji kapita, Mama kaitikia kwa kichwa. Nilipomuuliza kama anahisi baridi, akanikanyaga mguu.

Mzee kampigia simu sasa hivi. Nimeona jina kwenye kioo, simu inatetemeka ndani ya kiganja cha Mama. Ameifunika kwa mtandio. Mzee anaisikiliza ikiita, anatazama mlango. Kaishusha. Kaipangusa kofia ambayo haina vumbi.

Mama amevua miwani.

Kaiweka pajani. Anamtazama ubavuni. Naye ana mikunjo — mingi! shingo kama karatasi iliyofinyangwa — na Mama anaipitia yote, mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyopita kwenye behewa jana. Sijui anafikiri nini. Mdomo wake unatetemeka upande mmoja, sijui ni kilio au kicheko.

Waya kaingia! Yuko pale mapokezini, anatutafuta kwa macho.

Nesi anakuja upande wetu na faili. Kasimama mbele ya Mama. Mama, habari za tangu Ijumaa? Jicho linaonaje?

Mama kanitazama mimi. Kanyoosha mgongo. Kakohoa kusafisha koo.

"Linaona vizuri sana, mwanangu," akasema. "Linaona mpaka yale nisiyoyataka."

Kwa sauti ya juu mno kwa nesi aliyesimama hapa hapa.

Kofia imeanguka. Mzee kageuka, anainuka, anakuja, na benchi letu limejaa. Nafasi iliyo pembeni ya Mama nimeikalia mimi. Nasimama nimpishe.